Africa 8: Bibi Asiye na Jina Katika Ukoo wa Tikiti Maji

Muhula uliopita niliingia darasani nikiwa nimebeba tikiti maji. Nililinunua kando ya barabara asubuhi ile ile, kwa mama mmoja aliyekuwa amepanga mengine kama ishirini juu ya gunia. Nililiweka mezani, nikalikata vipande, nikawagawia wanafunzi, kisha nikaandika ubaoni swali moja: Nani alilitengeneza tunda hili?

Wa kwanza alijibu kwamba ni Mwenyezi Mungu, na sikuwa na ugomvi naye. Wa pili alisema ni mkulima. Wa tatu, binti ambaye wazazi wake wana duka la pembejeo, alisema kwa uhakika: “Ni Wazungu, Mwalimu. Kopo la mbegu limeandikwa Crimson Sweet.” Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu lake lilikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio chakula ambacho historia ya bara letu imelishwa kwa muda mrefu. Makala haya ni jaribio langu la kumpa binti yule nusu iliyobaki.

Ndoa na ujirani

Tuanze na jambo ambalo wakulima wengi huniuliza ninapokwenda kijijini. Inaaminika kwamba ukipanda maboga karibu na matikiti, tikiti litapoteza utamu kwa sababu “limezaa” na boga. Imani hii ni ya zamani na imeenea duniani kote, lakini si kweli. Boga na tikiti maji ni wa ukoo mmoja mkubwa, pamoja na tango na mung'unye, ila ndani ya ukoo huo milango mingi imefungwa. Chembe za boga zina kromosomu 40, za tikiti maji 22, za tikiti la harufu 24, za tango 14. Nyuki anaweza kubeba chavua ya boga na kuipeleka kwenye ua la tikiti kutwa nzima, na mbegu isitungwe. Wanaishi kama majirani wema, na ujirani wao haujawahi kuzaa ndoa.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa subira kubwa ni Mfaransa Charles Naudin, aliyefanya kazi jijini Paris katikati ya karne ya 19. Alikusanya mbegu za maboga kutoka pande nyingi za dunia, akaotesha na kuchunguza zaidi ya mimea 1200, akiwachavusha kwa mkono na kuandika kila alichokiona. Wakati ule maboga yalikuwa yamevuruga vichwa vya wataalamu, maana yapo ya mviringo, ya shingo ndefu, ya kijani, ya chungwa, yenye mabonde na yasiyo na mabonde, na kila mtu alitaka kuyapa jina jipya. Naudin alionyesha kwamba umbo hudanganya. Maboga mawili yasiyofanana hata kidogo yanaweza kuzaana kwa urahisi, na mawili yanayofanana kama pacha yakakataa kabisa. Kipimo cha udugu, alisema kwa vitendo, ni uzao. Charles Darwin aliitegemea kazi hiyo alipoandika, mwaka 1868, juu ya mimea na wanyama wanaofugwa.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Yeyote aliyekulia shambani anajua kwamba boga na tikiti vina maua dume na maua jike mbalimbali, na kwamba ua jike hulitambua kwa kitunda kichanga kilicho chini yake. Mtaalamu hulifunga ua jike jioni, kabla halijafunguka, ili nyuki asimtangulie. Alfajiri huchuma ua dume la mmea alioutaka, hupaka chavua, hufunga tena, hufunga uzi na kibandiko, kisha husubiri. Tunda likikomaa hupanda mbegu zake na kuchagua. Halafu hupanda tena, huchagua tena, miaka mitano, kumi au zaidi. Kwa hiyo chavua ni mwanzo tu. Sehemu kubwa ya kazi ni kukataa. Katika kila mimea mia, tisini na tisa hutupwa.

Shamba lililokufa

Mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa kusini mwa Marekani walikumbwa na msiba. Mimea ya tikiti maji ilikuwa ikinyauka na kufa kabla ya kuzaa. Chanzo kilikuwa kuvu anayeishi udongoni, ambaye huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa ya maji. Kuvu huyo akishaingia shambani hukaa miaka mingi, na mkulima hana la kufanya isipokuwa kuhama. Pamba nayo ilikuwa na mnyauko wake katika visiwa vya pwani ya South Carolina.

Serikali ya Marekani ilimtuma kijana aliyeitwa William Orton. Kwenye pamba alijifunza jambo lililobadilisha kazi yake yote. Mwenye shamba mmoja wa James Island, Elias Rivers, alikuwa ameona kwamba katika shamba lililokufa husimama miche michache iliyo hai, akaanza kuchukua mbegu zake. Orton alishirikiana naye, na pamba iliyotokana na uchaguzi huo ikaitwa Rivers. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo, maana nitalirudia.

Kwa matikiti hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu katika aina tamu hakupata iliyostahimili ipasavyo. Ndipo Orton alipoligeukia tikiti ambalo hakuna mtu mjini angelinunua: tikiti gumu, lenye nyama nyeupe isiyo na utamu, lililokuwa likilishwa mifugo. Asili ya tikiti hilo ni kusini mwa Afrika. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alieleza jinsi nyanda za Kalahari zinavyofunikwa na matikiti ya namna hiyo mvua zikiwa nyingi, na jinsi wenyeji walivyokuwa wakiyatema kwa shoka na kuyaonja kwa ulimi, moja baada ya jingine, ili kutenganisha matamu na machungu. Kwa mgeni lile lilikuwa jambo la ajabu kidogo. Mimi naliona kuwa ni uchaguzi, tena uchaguzi ule ule ambao Orton aliufanya baadaye akiwa na daftari.

Orton alilichavusha tikiti tamu lililoitwa Eden kwa tikiti hilo la mifugo. Kizazi cha kwanza hakikumfurahisha mlaji, lakini hakikunyauka. Baada ya miaka ya kupanda na kukataa alipata aina aliyoiita Conqueror, yaani Mshindi, iliyotolewa mwaka 1911. Sokoni haikushinda sana, kwa kuwa ubora wake haukuwaridhisha wanunuzi. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limethibitishwa: ukinzani dhidi ya ugonjwa unaweza kuchukuliwa kutoka kwa ndugu asiyetazamwa na kuingizwa katika tunda linalopendwa. Wataalamu wa mimea wanamhesabu Orton miongoni mwa waasisi wa uzalishaji wa mimea inayokinza magonjwa, na haki hiyo tumpe.

Namba badala ya jina

Miaka ya 1930 adui mwingine, chule, alikuwa akitoboa majani na kuozesha matunda. Watafiti wa jimbo la Iowa walijaribu mbegu kutoka sehemu mbalimbali. Zilizostahimili zilikuwa zimetoka kusini mwa Afrika. Katika kumbukumbu zao ziliandikwa Africa 8, Africa 9 na Africa 13.

Nimeyatazama majina hayo mara nyingi. Afrika ni bara. Nane ni namba ya pakiti. Baina ya bara na pakiti hamna kitu: hamna kijiji, hamna lugha, hamna mwanamke aliyezianika mbegu zile juu ya ungo na kuziweka kando kwa ajili ya msimu ujao. Na lazima awepo mtu wa namna hiyo, kwa maana matikiti hayo yalikuwa ya kuliwa. Hayakuokotwa porini. Mtu aliyachagua, akayatunza, akayarithisha.

Mwaka 1954, katika maabara ya serikali ya kuboresha mboga iliyokuwa Charleston, South Carolina, C. F. Andrus alitoa tikiti maji lililoitwa Charleston Gray. Lilikuwa refu, lenye ganda la kijivu lisilounguzwa na jua kwa urahisi, gumu kiasi cha kupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya behewa bila kupasuka. Lilikinza mnyauko na lilikinza chule. Katika nasaba yake, pamoja na aina za Marekani na moja ya Australia, yumo Africa 8. Ukinzani wake dhidi ya chule ulitoka huko, ukibebwa na kinasaba kimoja. Mwaka 1963 Charles Hall wa chuo kikuu cha Jimbo la Kansas alitoa Crimson Sweet, aliyoipata kwa kuchanganya aina nyingine na Charleston Gray. Crimson Sweet ndiyo iliyoandikwa kwenye kopo la duka la wazazi wa mwanafunzi wangu. Kwa hiyo tunda tulilokula darasani lilikuwa kitukuu cha Africa 8. Liliondoka kusini mwa bara hili likiwa namba, likarudi likiwa na jina la Kiingereza na bei.

Mahali nako kuna habari. Charleston ilipokea Waafrika waliotekwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini. Tikiti maji, ambalo asili yake ni Afrika, lilivuka Atlantiki katika zama hizo hizo za biashara ya watumwa. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, watu weusi wengi wa kusini mwa Marekani walilima na kuuza matikiti kwa faida yao wenyewe. Lilikuwa tunda la mtu huru. Ndipo magazeti na michoro ya Wazungu ikaligeuza kuwa dhihaka, ikimchora mtu mweusi akiwa na kipande cha tikiti na meno nje, kana kwamba kula matunda ya shamba lako ni ujinga. Kwa hiyo katika nchi moja, ndani ya nusu karne, tunda la Afrika lilitumiwa kuwadharau watoto wa Afrika, na mbegu ya Afrika ikatumiwa kuokoa mashamba ya nchi hiyo.

Wala habari haikuishia hapo. Kuvu wa mnyauko naye hubadilika. Ilipojitokeza jamii mpya iliyozishinda aina zote zilizokuwapo, watafiti walirudi tena kwenye hazina za mbegu, na miaka ya 1990 ilipoanza ukinzani uliripotiwa katika tikiti gumu lililokusanywa Afrika Kusini. Jina lake ni PI 296341. Namba nyingine.

Sasa lirejeeni jina la Rivers. Mwenye shamba wa Marekani aliyeona miche hai katika shamba lililokufa, pamba ilipewa jina lake. Mwenye shamba wa Afrika aliyefanya jambo lile lile kwa tikiti alipewa nane. Sisemi kwamba Orton, Andrus au Hall walikuwa wezi. Walikuwa watumishi wa umma waliofanya kazi ya umma, na mbegu zao ziligawanywa ili zipandwe na yeyote. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kuandika ulikuwa na macho ya kuona upande mmoja tu.

Swali la mama yangu

Nina sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Mama yangu ni mwalimu mstaafu na mkulima asiyestaafu. Mbegu zake za boga huzitoa katika boga lililomfurahisha kinywani, huziosha, huzisugua na majivu, huzianika, kisha huzihifadhi ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Hajawahi kununua mbegu ya boga maishani mwake.

Miaka michache iliyopita alipata matikiti matamu sana kutoka kwa mbegu za dukani, akafanya kama alivyozoea: akaweka mbegu. Msimu uliofuata shamba lilimletea kila kitu. Mengine ya mviringo, mengine marefu, mengine yamepauka ndani, mengine hayana ladha. Akanipigia simu, akauliza: “Mwanangu, kwani hili shamba limerogwa?”

Halikurogwa, na sidhani kwamba alitapeliwa. Mbegu ile ilikuwa chotara wa kizazi cha kwanza. Wazazi wake wawili ni aina mbili zilizotakaswa kwa vizazi vingi, na mtoto wao hupata nguvu na usawa wa ajabu. Lakini watoto wa mtoto huyo hutawanyika, kila mmoja akichukua lake kwa babu na bibi. Ndiyo kanuni ya urithi. Ila hakuna aliyemweleza dukani, na maelezo kwenye pakiti yalikuwa ya lugha ambayo wanunuzi wengi wa duka lile hawaisomi.

Kuna hatua ya mbali zaidi. Mwaka 1951 mwanasayansi wa Japani, Hitoshi Kihara, alichapisha kazi yake juu ya tikiti maji lisilo na mbegu. Tikiti la kawaida, lenye kromosomu 22, huongezwa kwa dawa ya kolkisini hadi kuwa na 44. Likichavushwa na la 22, mtoto hupata 33, idadi isiyogawanyika sawasawa, hivyo tunda hutokea ila mbegu hazikomai. Ni kazi ya akili kubwa. Pia ni tunda ambalo mkulima hawezi kuliwekea mbegu hata akitaka. Katika chotara wa kawaida kibuyu cha mama yangu hupoteza uaminifu. Katika tikiti la Kihara hakina cha kupokea.

Siyapingi maendeleo haya. Mkulima mwenye pampu, mbolea na soko la uhakika hupata faida kwa mbegu chotara, na mtaalamu aliyetumia miaka kumi ana haki ya ujira wake. Swali langu ni la kisiasa: tunapogawa haki, tunaanza kuhesabu kazi kuanzia wapi?

Wiki moja ya Desemba 1961

Mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ulitiwa saini Paris tarehe 2 Desemba 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki moja tu. Kanuni za nani anamiliki mbegu ziliwekwa wakati sisi bado tunashona bendera. Mkataba huo ulirekebishwa mwaka 1991 na kukazwa zaidi. Tanzania ilitunga sheria yake ya haki hizo mwaka 2012 na kuwa mwanachama mwaka 2015.

Ili mbegu ilindwe chini ya mfumo huo, lazima iwe mpya, itofautiane na nyingine, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike vizazi vikipita. Pimeni Africa 8 kwa vigezo hivyo. Si mpya, kwa kuwa ni urithi. Huenda haikufanana, kwa kuwa mkulima wa zamani hakutaka mimea ifanane. Tofauti ndiyo iliyokuwa bima yake. Naam, tofauti hizo hizo ndizo zilizoficha ukinzani uliookoa mashamba ya wengine. Sheria inamlipa aliyeichota hazina na haina safu ya kumwandika aliyeiweka. Katika Kiswahili cha ofisi zetu mwenye haki hiyo huitwa mgunduzi. Neno hilo linanisumbua. Mtu hugundua kilichokuwapo.

Yapo majaribio ya kusawazisha. Mkataba wa bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya kila nchi juu ya rasilimali zake za viumbe hai. Mkataba wa rasilimali za kijenetiki za mimea kwa chakula na kilimo, wa mwaka 2001, ulikwenda mbali zaidi na kutaja haki za wakulima waziwazi. Lakini mfumo wake wa kubadilishana mbegu na kugawana manufaa uliwekewa orodha ya mazao. Mahindi yamo, mpunga umo, kunde zimo, hata stroberi imo. Tikiti maji, boga na tango havimo katika orodha iliyokubaliwa mwaka ule. Bibi yetu aliachwa nje hata siku wajukuu walipoitwa kugawana.

Tufanye nini?

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Afisa ugani akichukua mbegu kijijini na kuipeleka kwenye hifadhi, aandike jina la kijiji, jina la mbegu katika lugha ya wenyeji, jina la aliyeitunza kwa ridhaa yake, na alichosema juu ya mbegu hiyo. Safu nne za ziada kwenye fomu. Kama safu hizo zingekuwapo miaka ya 1930, leo tungekuwa na mtu wa kumshukuru na pengine jamii ya kudai fungu lake. Na pakiti ya mbegu inayouzwa kwa mkulima wa Tanzania iandikwe kwa Kiswahili kama mbegu zake zinafaa kuwekwa au hazifai.

Kwa wanaharakati: tusipoteze nguvu kuupiga vita uchavushaji. Kuchanganya mbegu si ubeberu; bibi zetu walikuwa wakichagua na kuchanganya kabla ya maabara kujengwa. Mapambano yapo kwenye daftari, kwenye orodha na kwenye tafsiri ya neno “mgunduzi”. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa wanafunzi wangu, hasa yule wa kopo: hukukosea kulisoma jina. Ulilisoma lilipoandikwa. Sasa nenda kwenu, uliza mbegu za boga zinazohifadhiwa jikoni zilitoka kwa nani, naye alizipata kwa nani, na uandike. Mama yangu nilipomuuliza alinitajia majina matatu, la mwisho likiwa la bibi yake mzaa mama. Nimeyaandika kwenye karatasi na kuifunga kwa uzi shingoni mwa kile kibuyu.